Migongo ya Darajani

4 Machi

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta unapumua vizuri na kile kikohozi kimekuachia. Sisi huku ni wazima, tukiondoa goti la Mama. Goti limeshika utawala. Likitaka akae anakaa, likitaka asimame anasimama, na yeye ambaye maisha yake yote hakutii mtu sasa anatii goti. Binti yangu ameng'oka meno mawili ya mbele na hataki kucheka mbele ya watu. Mume wangu yuko safarini na lori lake, anakusalimu kwa simu.

Nije kwenye jambo lenyewe. Nimepata kazi katika lile Jumba la Harakati wanalojenga hapa mjini, kazi ya kupanga picha na kuzilinda zisiingiwe na unyevu. Siku ya kwanza tu nikapelekwa ukumbini, na nyuma ya jukwaa nikaona picha yako ya darajani. Wameikuza hadi imekuwa kubwa kuliko chumba chetu cha kulala. Mwenyekiti wa Harakati amesimama juu ya pipa, mkono juu, uso wote unaonekana mpaka nyusi. Mbele yake wamejipanga wanawake, na wote wametupa sisi migongo. Wa tatu kutoka kushoto ni Mama. Sikuhitaji kuambiwa na mtu. Mgongo ule umenibeba.

Chini yake kuna maelezo: "Mwenyekiti akiwahutubia wafuasi wasiojulikana, siku watu weusi walipovuka daraja bila vibali." Wasiojulikana, Mjomba! Mama alikuwa amekaa na wanawake wale jikoni kwetu wiki nzima wakipanga nani atatangulia na nani atabeba maji, leo ni mfuasi asiyejulikana. Damu ilinichemka pale pale.

Kuna na ukuta wa mawe yaliyosuguliwa, ambao utaandikwa majina ya waliovuka siku ile. Kamati imesema jina haliandikwi bila picha inayoonyesha uso wa mtu. Ufunguzi ni Agosti. Mama anaamini jina lake limo, kwa sababu hakuna aliyemwambia vingine, na ameshapeleka kitambaa kwa mshonaji. Wewe ndiye uliyepiga picha zote za siku ile. Nitafutie uso wa mama yangu, nakuomba.

Mpwa wako.

2 Aprili

Mpwa wangu,

Marahaba. Kikohozi hakijaniachia, tumezoeana tu. Mwenye nyumba wangu amegundua kwamba bafu lake ndilo chumba changu cha giza cha kusafishia picha, na sasa kila akitaka kuoga inabidi abishe hodi kama mgeni. Amenuna, lakini picha ya harusi ya mwanawe nilimsafishia bure, kwa hiyo ananuna kwa adabu. Mwambie mjukuu wangu acheke. Mimi meno yangu yaliyoondoka ni mengi kuliko yake, na sijaacha kucheka.

Nimekaa na barua yako muda mrefu. Jibu ni fupi. Picha ya uso wa mama yako siku ile sina. Haikupotea, haikuungua. Haikupigwa.

Na usiniandikie tena kana kwamba nilisinzia kazini. Ulikuwa mdogo, huenda hukumbuki maandamano ya sokoni, yale yaliyotangulia daraja. Alikuja mpiga picha mmoja mgeni na lenzi ndefu kama mkono, akampiga picha fundi viatu wetu akiwa amekunja ngumi na machozi yanamtoka. Picha nzuri, sitamwonea. Ikatoka gazetini. Polisi wakaikata kwa mkasi, wakapita nayo nyumba kwa nyumba wakiuliza, "Huyu nani?" Fundi viatu alichukuliwa akiwa na kiatu cha mteja mkononi, na hakurudi. Mama yako alikuja kwangu, akanishika kola, akaniambia: "Kuanzia leo unatupiga migongo. Ukinipiga uso, hiyo kamera nitaivunjia kichwani kwako." Dada yangu mkubwa hakuwa anatania. Hata leo nikimkumbuka kola inanibana.

Ndivyo nilivyofanya kazi tangu siku hiyo. Wapiga picha wengine walikimbia mbele ya maandamano, mimi nilitembea nyuma. Mtu akigeuka, nashusha kamera. Nilifanya hivyo mpaka mkono ukawa unashuka wenyewe bila mimi kuuamuru. Mwenyekiti nilimpiga uso kwa sababu uso wake ulikuwa umeshabandikwa katika kila kituo cha polisi, na kwa sababu, tuseme ukweli, aliupenda.

Wasiojulikana kwa nani? Mimi nawajua wote. Bega lililoshuka upande mmoja ni la dobi, kwa kubeba beseni. Yule mfupi aliyesimama kwa vidole vya miguu ni nesi wa wadi ya wazazi, aliyetoka zamu akaja na viatu vya kazini. Aliyebana kipaza sauti kwapani ni Bi Spika mwenyewe, mama yako, ambaye Mungu alimpa koo lisilohitaji betri. Ukiniamsha usingizini nitakutajia mpaka wa mwisho.

Nani ameandika neno lile? Katika barua yako ndefu yote hukuniambia. Niambie.

Mjomba wako.

21 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Nyumbani hatujambo. Goti limepakwa dawa mpya inayonuka nyumba nzima.

Nimesoma barua yako mbele ya kamati. Ndiyo, niliibeba mkutanoni nikaisoma, na sauti ilinitetemeka kwa hasira, wao wakadhani ni woga. Nikawaambia mpiga picha yuko hai na anawajua wote, aitwe aseme. Katibu akacheka. Akasema, "Binti, mgongo ni mgongo. Hata mimi naweza kusema mmoja wao ni bibi yangu." Wakacheka wote, na chai ikaongezwa.

Kisha Mwenyekiti akaingia, maana siku hizi hupita kuona kazi inavyokwenda. Nikampelekea picha ndogo. Akavaa miwani, akaivua, akaifuta, akaivaa tena. Akasema, "Walikuwa wengi, mwanangu. Siwakumbuki."

Huyu mtu alijificha kwetu, Mjomba! Polisi walipokuwa wanamsaka alilala kwenye kitanda chetu, mimi na Mama tukalala chini karibu na jiko, na mimi nilikuwa naamshwa na mkoromo wake. Mama alimfulia mpaka soksi. Aliniita "kasuku" kwa sababu nilikuwa nasema sana. Nilisimama pale mbele yake nikingoja aone sura yangu. Akanirudishia picha, akaniambia nina bidii. Ni kusahau au ni kujitia hamnazo? Mimi nasema anajitia hamnazo, maana wanaume waliovuka siku ile, hata wale waliofika daraja limeshavukwa, anawakumbuka mpaka majina ya utani.

Na wewe nawe. Nimeingia stoo ya Jumba, nikakuta lile kopo lako la bluu la biskuti, na ndani mna negativu zako zote. Limefikaje huko? Mama aliacha Harakati baada ya ushindi, siku walipomwambia kazi ya akina mama sasa ni kupokea wageni. Wewe ukabaki, ukaendelea kumpiga Mwenyekiti picha za kampeni, na tangu hapo ndugu wawili hamsemezani. Hayo yenu. Lakini kopo lile nilisikia kwa masikio yangu ukimwapia Mama kwamba halitatoka mikononi mwako.

Kitambaa kimeshashonwa. Ni gauni la kijani. Anazunguka nalo chumbani akijitazama, na mimi namwambia limempendeza.

Mpwa wako.

30 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Umekufa? Kama umekufa uniarifu nije kuzika. Kama hujafa nijibu.

Mpwa wako.

17 Juni

Mpwa wangu,

Marahaba. Sijafa. Mwenye nyumba anauliza swali hilo hilo kila asubuhi, na kwa matumaini kuliko wewe.

Kopo nilitoa mwenyewe. Mwenyekiti alikuja kwangu na gari mbili. Akakaa kwenye kitanda changu kwa kuwa kiti kilikuwa na karatasi za picha, akanywa chai kwenye kikombe kilichovunjika mkono, akaniita jicho la Harakati. Aliniambia historia yetu watu weusi inaandikwa na wengine, sasa tuiandike sisi, na wa kuanza naye ni mimi. Nilivikwa kilemba cha ukoka nami nikainamisha kichwa kisije kikaanguka. Nikamshikisha kopo. Aliposhuka ngazi nilisimama dirishani nikimpungia. Hayo ndiyo uliyoyataka, umeyapata, usiniulize mara ya pili.

Barua yako ya mwezi wa nne iliponifikia nilipanda basi nikaja kulidai. Mlangoni mlinzi alinizuia. Nikasema picha ile kubwa ni yangu. Akasema kila siku anakuja mtu mmoja mwenye maneno kama hayo. Nikapiga kelele mpaka Katibu akashuka. Akaniambia picha ni mali ya Harakati, na kwamba nikiendelea kufanya fujo jina langu nalo litaondolewa chini ya picha. Nilimtolea uvivu. Nilimwambia nilikuwa namwona wakati wa maandamano, kila mara alikuwa amebeba koti la mtu mwingine. Hilo lilimwingia. Aligeuka akaenda zake.

Yule mlinzi akanihurumia, akaniacha nichungulie ukumbini. Nikayasoma maelezo kwa macho yangu. Nikamuuliza ni nani anayeandika haya. Akasema, "Yote huandikwa na yule binti wa ghorofa ya pili. Ni mmoja tu."

Nilikuwa na ndizi mbili nilizomletea mjukuu wangu. Niliziacha kwa mlinzi, nikarudi kituo cha basi bila kupanda ngazi.

Mjomba wako.

2 Julai

Mjomba,

Shikamoo.

Ndiyo, ni mimi niliyechapa. Katibu alinisomea, nikachapa. Mara ya kwanza niliandika "akiwahutubia wanawake walioandaa safari ya kuvuka." Akakata kwa wino mwekundu, akasema wanawake gani, walioandaa nini, una ushahidi? Akaniambia kama kazi inanishinda wapo wengine. Mume wangu lori lake limekaa gereji. Ulitaka nimlishe mtoto maneno yangu? Wewe uliwapa picha zote kwa kikombe cha chai na sifa, halafu unaninunia mimi kwa neno moja. Ulifika mpaka mlangoni kwangu ukarudi. Sikujua kama unaweza kuwa hivyo.

Basi. Nimeshakasirika, nimemaliza, nakuambia lililotokea.

Nilimwambia Mama. Nilimwambia yote: ukuta, Katibu, Mwenyekiti na miwani yake, kopo lako, na nani aliyechapa. Nilidhani atalia, au atanipiga, na kwa kweli ningependa anipige. Alikuwa amevaa gauni lile, mshonaji amempunguzia kiuno. Alisikiliza hadi mwisho. Akaniuliza, "Dobi bado yuko hai?" Nikasema yuko. "Na nesi?" Nikasema sijui. Kesho yake akalifunga goti kwa bendeji, akatoka. Akarudi jioni hana sauti. Siku iliyofuata akatoka tena. Nikimuuliza anakwenda wapi, anasema kuamkia watu.

Nimeogopa, Mjomba. Nyumba yote imekuwa kama enzi zile, watu wanaongea jikoni na ukiingia wananyamaza.

Anakuagiza. Sikutia chumvi, nakuandikia kama alivyosema: "Mwambie yule mdogo wangu mjinga aje siku ya ufunguzi na kamera yake ya filamu, si simu. Asimame mlangoni, auelekee ukumbi. Asije akanisalimia."

Mpwa wako.

23 Agosti

Mpwa wangu,

Marahaba, na salamu kwa wote. Mwenye nyumba ameniruhusu bafu mchana kutwa, jambo ambalo hajawahi kulifanya. Nilimwambia ninasafisha nini, akatoka na taulo lake.

Najua Katibu alikupeleka ghorofani ukapokee simu siku nzima, ili usionekane. Najua pia umemuuliza mama yako na amekujibu kwamba mwenye macho ni mimi. Basi nisikilize.

Alinipita mlangoni na gauni lake la kijani. Hakunisalimia. Alisema tu, "Filamu umeweka?" Nikasema nimeweka. Akaenda kukaa viti vya nyuma kabisa, na wenzake wakawa wanaingia mmoja mmoja kama watu wasiojuana.

Mwenyekiti akapanda jukwaani, picha yangu nyuma yake. Alipofika kwenye habari za daraja, wakainuka. Walikwenda polepole, maana mwenye goti bovu si mama yako peke yake. Walinzi waliwaona ni bibi za watu, wakawapisha. Wakajipanga mbele ya jukwaa wakimtazama, kila mmoja mahali pake pa siku ile. Dobi na bega lake. Nesi na fimbo yake, na bado alijaribu kusimama kwa vidole. Waliokufa waliachiwa nafasi zao, upana wa mtu mmoja, na hakuna aliyesogea kuziba.

Ukumbi ukatazama juu ukutani, ukatazama chini, ukatazama juu tena. Minong'ono ikaanza. Mtu mmoja katikati akapaza sauti, "Jamani, ndio hao hao!" Mwenyekiti akafurahi. Alidhani ni heshima aliyoandaliwa. Akafungua mikono, akasema kwenye kipaza sauti, "Akina mama zangu!"

Mama yako akasema, "Nitaje."

Sauti ile ile. Mpaka mlangoni ilinifikia ikiwa nzima.

Mwenyekiti akacheka kidogo, kama mtu anayetaniwa.

"Nitaje jina langu. Umelala kwenye kitanda changu." Mkewe pale mbele akageuza shingo, watu wakaguna, na mama yako akamtazama yule mke akamwambia, "Tulia, mama. Mimi na mwanangu tulilala chini." Kisha akamrudia yeye. "Haya. Nitaje."

Akasema, "Mama..." Akamtazama Katibu. Katibu akatazama karatasi zake, akafunua moja, akafunua nyingine. "Mama..." akasema tena, akaishia hapo. Nilimpiga picha mtu yule nusu ya maisha yangu, na sikuwahi kumwona akiwa na mdomo wazi na hakuna kinachotoka.

Ndipo mama yako alipogeuka. Wakageuka wote, wakampa mgongo, wakautazama ukumbi na mlango na mimi.

Na mkono wangu ukashuka. Ulishuka wenyewe, kama nilivyoufundisha. Walikuwa wamesimama pale na nyuso zao na mimi kamera iko kifuani. Mama yako akanikazia macho, akaniambia mbele ya watu wote, "Piga, wewe!"

Nikapiga. Nikapiga mpaka filamu ikakataa. Nilikuwa nalia na sioni vizuri, namshukuru Mungu lenzi haikuwa inalia.

Katika bahasha hii nakutumia ya kwanza. Mwenyekiti ni yule mwenye koti nyuma yao, amefifia, usihangaike kumtafuta. Mtazame mama yako. Ana hasira ambayo nimeisafisha mara nne, na kila karatasi ikiingia kwenye dawa yeye ndiye anayetokea kwanza, kabla ya gauni, kabla ya ukumbi. Anauliza kitu na anangoja ajibiwe. Sijawahi kupiga picha kama hii, na negativu yake haitoki humu ndani, hata waje na gari ishirini.

Na tulipokuwa tunatoka nilipanda ngazi hadi ghorofa ya pili. Mlango ulikuwa umefungwa kwa nje. Nilibisha, nadhani hukusikia kwa simu zilivyokuwa zinalia.

Mjomba wako.

11 Septemba

Mjomba,

Shikamoo. Nilisikia. Nilijua ni wewe kwa kikohozi. Niliweka kiganja mlangoni mpaka nikasikia unashuka ngazi.

Binti yangu anaota meno. Lori limetoka gereji. Kazi sina, Katibu alinipa barua ya kuniachisha kabla viti vya ukumbini havijapangwa upya. Nilimuuliza kosa langu, akasema ni ukoo.

Jumatatu alikuja hapa nyumbani yeye mwenyewe, mpole, amebeba kofia mkononi. Akasema kamati imekaa tena. Majina ya akina mama wote yataandikwa ukutani, hata ya waliokufa, mradi ile negativu mpya ikabidhiwe na picha isifike magazetini. Alikuwa na kalamu tayari. Akamuuliza Mama, "Tuandike nani?"

Mama alikuwa kwenye kizingiti, hakumkaribisha ndani. Nilimwona anavyoutamani ukuta ule, Mjomba. Nisikudanganye, aliutamani, midomo ilimcheza. Kisha akasema: "Mwambie mkubwa wako aje mwenyewe aniulize jina langu. Si siri, nitamwambia. Lakini aulize yeye."

Katibu akasema Mwenyekiti ana shughuli nyingi. Mama akasema hata yeye ana shughuli, ana goti, lakini atamngoja. Akafunga mlango.

Tangu siku ile kila jioni anaweka kiti karibu na mlango, anakifuta, anavaa lile gauni la kijani, anakaa kukitazama. Gari ikipita mtaani ananyoosha mgongo. Mwenyekiti hajaja. Mimi nikisema hatakuja, ananikemea. Anasema mwache akatae kila siku, ili kila siku awe amekataa.

Jana alikiangalia kiti kile muda mrefu. Kisha akasema, bila kunitazama, kwamba ni ujinga kiti kizuri kukaa bure kwa ajili ya mtu kama yule, na kwamba yuko mpiga picha mmoja mwenye kikohozi ambaye hajui hata kupika chakula cha maana. Hakusema amekusamehe. Nilimuuliza wazi kama amekusamehe, akaniambia nisimletee maneno. Amesema uje.

Mpwa wako.